Bawabu wa Picha ya Tano

Mtu mmoja, nyuso tano, na kati ya wote waliomchora hakuna hata mmoja aliyewahi kumtia machoni. Ni nani huyo?

Wajukuu zangu nikiwatega hivi huanza kutaja majini, na yule mdogo kabisa husema ni mwalimu wa hesabu. Wewe unayesoma huwezi kunijibu kutoka huko uliko, na mji wa kunipa sina haja nao, kwa hiyo nategua mwenyewe. Ni Mtunzi. Yule aliyeandika tamthilia ambazo watoto wa shule hulazimishwa kuzikariri na watu wazima hukata tiketi kwenda kuzililia. Amekufa miaka mia tatu na ushei sasa. Alipokuwa hai hakuna aliyeona sababu ya kumchora. Alipokwisha kuzikwa, kila mtu akaiona.

Ukumbi wake wa maigizo bado upo. Ukiingia mlango mkubwa unakuta ujia mrefu wenye sakafu ya mawe, na ukutani, upande wa kulia, ndipo zilipo picha zake. Ya kwanza ni ndogo kama sahani. Aliyeichora alikwenda kumuuliza mjane wa Mtunzi, miaka thelathini baada ya mazishi, na mama wa watu alikuwa amebaki na jambo moja tu analolikumbuka sawasawa: kwamba kope la jicho la kushoto lilikuwa limelegea, jicho likikaa nusu wazi kama la mtu anayetaka kusinzia. Hayo mengine alisema, "Alikuwa na pua, kama watu."

Picha ya pili ilikuja miaka mingi baadaye, na Mtunzi amenenepa, ana videvu vitatu, maana zama hizo mtu mwembamba alidhaniwa ana njaa. Ya tatu amekunja uso, kidole ndani ya kitabu, utadhani anataka kumfunga mtu jela. Ya nne ni kijana wa nywele mabegani anayetazama dirishani kama aliyeachwa na mchumba. Ukiwapanga hao wanne barabarani huwezi kusema ni ndugu, sembuse mtu mmoja. Lakini wote wana jicho lile. Kila mchoraji alihakikisha jicho lipo, halafu sehemu zilizobaki akamwazima yeyote aliyekuwa karibu. Baba yangu alikuwa akisema, "Huenda siku ile aliumwa na nyuki tu, na mjane ndiyo siku aliyoikumbuka."

Ya tano ilichorwa nikiwa darasa la tano. Hiyo ina uso wa baba yangu.

Baba alikuwa bawabu wa ukumbi ule. Alichana tiketi, alipokea miavuli, alifungua asubuhi na kufunga watu wakishatoka. Kope lake la kushoto lililegea tangu alipozaliwa. Watoto wa mtaani walimwita Mzee Sinzia ingawa hakuwa mzee, naye akiwasikia aliitika: "Nipo! Nimefumba moja, nisiyachoshe yote mawili." Wakicheka, naye hucheka. Mimi ndiye sikucheka. Nilikuwa nikipita upande wa pili wa barabara.

Siku mchoraji alipokuja, mwanamke mrefu mwenye rangi kwenye kucha, alikuwa anatafuta mwigizaji wa kumkalisha kiti. Alimpa baba mwavuli wake, baba akainua kichwa kuupokea, yule mama akasimama palepale maji yakimtiririka.

"Jicho hilo ni lako?" akauliza.

"La kuazima," baba akamwambia. "Jioni nalirudisha."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Kila Jumatatu asubuhi, siku ambayo hakuna maigizo, baba alikaa akachorwa. Na wachoraji wa ukumbi ule walikuwa na desturi yao tangu zamani: anayekaa kuchorwa haapi kwa maandishi, anaapa kwa mdomo, kwamba hatasema nje. Watu wakijua uso ni wa jirani, hawamwoni tena Mtunzi, wanamwona jirani. Baba aliapa. Akaomba ruhusa moja tu, ya kusema nyumbani, akapewa. Jioni hiyo alifunga dirisha kwanza ndipo akatuambia.

Mama aliweka mwiko chini. "Kwa hiyo mimi sasa nimeolewa na mtu aliyekufa miaka mia tatu?"

"Tena maarufu," baba akasema. "Nipakulie."

Kila Jumatatu alitusimulia mambo ya chumba kile, alivyokaa, alivyovishwa, alivyokatazwa kupiga chafya. Tulikuwa tukicheka mpaka mdogo wangu wa kiume anapaliwa. Sisi tulikuwa wawili tu, mimi na huyo mdogo wangu, na siri ile ilikuwa kama tunda tulilofichiwa kabatini.

Mwaka uliofuata nilifaulu, nikahamishiwa shule kubwa iliyo ng'ambo ya mji. Watoto wa pale walikuwa na soksi zinazofanana zote mbili, na baba wenye meza za ofisi. Wiki ya kwanza tu wakaniuliza baba yangu anafanya kazi gani. Nikasema, "Yuko kwenye maigizo." Sikudanganya. Wao wakasikia mwigizaji, nami nikawaacha wasikie hivyo. Nilipofika nyumbani nilimtazama baba akifuta vifungo vya sare yake, nikajiambia hakuna lililoharibika.

Halafu shule yetu ikapanga ziara ya kwenda kuona picha za Mtunzi.

Sikumwambia baba. Lakini ziara zote zilikuwa zinaandikwa kwenye kitabu kinachokaa mezani pake mlangoni, kwa hiyo alijua kabla yangu. Jana yake alipiga sare pasi mara mbili. Asubuhi aliondoka akipiga mluzi, na mimi nikasema tumbo linauma. Mama akanipa maji ya chumvi na kunisukuma nje.

Tulipofika, alikuwa amesimama wima mlangoni. "Karibuni, karibuni. Viatu mpanguse, Mtunzi hapendi vumbi!" Wenzangu wakacheka, kicheko kizuri. Nilijibanza nyuma ya msichana mrefu kuliko wote. Akatutembeza picha moja baada ya nyingine, na alizieleza vizuri, lazima niseme, kuliko mwalimu. Tulipofika kwenye ya tano, binti wa mwenye duka la mikate, aliyekuwa na sauti kama kengele ya mapumziko, akapaza:

"Mwalimu! Mwalimu, picha hii ni huyu mzee! Mtazameni jicho!"

"Amelala huku amesimama!" mwingine akadakia.

Darasa zima likalipuka. Baba hakukasirika. Aliweka kidole mdomoni, akasema polepole, "Msimwamshe Mtunzi," wakacheka zaidi. Nadhani alifurahi mno, furaha ikamponyoka. Akamgeukia mwalimu, ambaye alikuwa mgeni shuleni, hata majina yetu hajayashika yote.

"Mwalimu, humu ndani mna mtoto wangu," akasema. "Anazijua picha hizi kama vyombo vya nyumbani. Mwite aje anisaidie kuwaeleza wenzake."

Hakunionyesha kidole. Aliniachia nitoke mwenyewe.

"Nani?" mwalimu akauliza. "Ni mtoto wa nani huyu mzee? Ajitokeze."

Watu arobaini wakatazamana. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimevipaka dawa asubuhi, kimoja kilikuwa na doa karibu na kisigino, na doa lile naweza kukuchorea hata leo. Yule msichana mrefu akaniuliza kwa kunong'ona, "Ni wewe?" Nikamwambia, "Mimi? Ebo!"

Kimya kilikaa kama muda wa kuhesabu mpaka kumi. Kisha nikaisikia sauti ya baba, nyepesi kabisa: "Aa, samahani mwalimu. Nimechanganya, ni shule nyingine hiyo. Wanakuja wengi." Akaendelea kueleza rangi ya joho ilivyopatikana.

Kama ningeishia hapo, labda leo nisingekuwa naandika. Lakini kesho yake tuliambiwa tuandike insha ya ziara, na kwamba iliyo bora itapelekwa ukumbini. Nilikuwa na hofu moja tu, kwamba watakaa wafikiri, waunganishe jambo hili na hili. Basi nikaamua kumcheka mimi, tena kwa sauti kuliko wote, ili pasiwe na wa kunishuku. Insha yangu ilisomwa mbele ya darasa. Nikapata alama zote. Mwalimu akaitia kwenye bahasha, ikaenda, nami nikajua imeishia kwenye droo fulani na panya wa huko watanifichia. Niliyoyaandika utayasikia mbele, maana mimi mwenyewe niliyasikia tena baada ya miaka hamsini na tisa.

*

Mdogo wangu sasa ni fundi cherehani, ana wajukuu, na hajui kubisha hodi. Mwezi uliopita aliingia kwangu futi ya kupimia ikiwa shingoni na gazeti mkononi.

"Dada, vaa viatu."

"Kuna msiba?"

"Kuna wizi. Wanataka kumwiba baba ukutani."

Akanisomea. Ukumbi unaweka vibao vipya chini ya kila picha ya Mtunzi. Kibao kitasema nani alichora, mwaka gani, na uso ni wa nani, kwa sababu siku hizi wageni wanapenda kujua. Ya pili ni shemeji wa mwenye ukumbi wa enzi hizo. Ya tatu ni hakimu. Ya nne mchoraji alijichora mwenyewe kwenye kioo, ndiyo maana kijana anajipenda vile. Na ya tano, gazeti likasema, inaaminika ni yule mwigizaji mkuu wa zamani zetu, marehemu. Mwenye pingamizi afike Alhamisi, yaani siku hiyohiyo.

"Pingamizi ninalo mimi," mdogo wangu akasema. "Tena la mita tatu, na la kubakiza pindo."

"Waachie," nikasema. "Baba mwenyewe aliapa asiseme."

"Aliapa yeye. Mimi sikuapa, nilikuwa na meno ya utotoni. Niwaachie uso wa baba wamvishe mtu mwingine? Dada! Na lazima uje wewe, mimi nilikuwa na miaka sita, nani atanisikiliza? Wewe ndiye uliyekuwa mkubwa, wewe ndiye uliyekuwa unampenda kuliko sisi sote."

Hilo la mwisho alilisema kama kitu kinachojulikana na kila mtu. Nikavaa viatu.

Chumba walichotukutanisha kilikuwa juu ya ujia, kina meza ndefu na makabati ya mabati. Mhifadhi wa picha ni binti wa kama miaka thelathini na kitu, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi. Upande wa pili wa meza alikaa mwana wa yule mwigizaji, mstaafu wa rika letu, tai imefungwa vizuri, kofia juu ya goti. Alisimama kutusalimia. Nilitamani awe mtu wa dharau, nipate pa kushika, lakini alikuwa muungwana.

"Mimi nimekua nikiambiwa ni baba," akatueleza. "Mama alikuwa akipita hapo ujiani anaipungia mkono. Sina karatasi, nina neno la mama tu. Na kimo, kimo ni chake."

"Na jicho?" mdogo wangu akauliza. "Baba yako alikuwa na jicho hili?"

"Jicho wanaliweka wote, ndugu yangu. Hata hakimu hakuwa nalo."

Mdogo wangu akasimulia ya kwetu, akapiga meza, akasimama kuonyesha baba alivyokuwa anakaa. Mhifadhi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavaa miwani.

"Baba, nakuelewa. Lakini tuna tatizo. Mwaka huu familia ya mchoraji imetuletea daftari lake la kazi. Hamtaji kwa jina, anaandika 'mtu wangu'. Anasema, nawasomea: 'Nimemwapisha asiseme nje. Kaomba aseme nyumbani kwake tu, nimemkubalia. Ana uso wa mtu atakayetunza neno.' Mahali pengine anasema: 'Baridi leo. Miguu ya mtu wangu inaganda, tumemletea beseni jingine la maji ya moto.'" Akafunga daftari. "Sasa, bawabu wa wakati huo ametajwa kwenye karatasi moja tu tuliyo nayo. Ni insha ya mtoto wa shule, ya mwaka uliofuata picha kutundikwa."

Miguu yangu ndiyo iliyoganda sasa.

Alitoa karatasi kwenye faili. Ilikuwa imekuwa rangi ya chai. Niliujua mwandiko kabla hajaanza kusoma. Herufi zangu zote zilikuwa zinalalia kushoto, mwalimu hakuwahi kuzinyoosha.

"'Mlangoni tulimkuta bawabu mmoja mwenye jicho bovu ambaye ni mwongo wa kuchekesha sana. Alisema eti ana mtoto katika darasa letu. Tulitazamana tukacheka, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu anayeweza kuwa na baba wa namna ile. Tena anajitangaza kwa watu wote kuwa picha ya tano ni yeye! Eti alikalishwa juu ya sanduku la mapanga ya mbao, joho la mfalme mabegani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Mfalme wa kuoshwa miguu! Ukumbi mkubwa kama huu ungetafuta bawabu mwenye akili timamu.'"

Mdogo wangu alikuwa ameshasimama. "Mtoto gani huyo? Mtoto gani asiyefunzwa adabu kwao? Jina lake hakuandika?"

"Pembe ya chini imechanika, jina limekwenda nayo. Limebaki la shule na darasa." Mhifadhi aliiweka karatasi mezani. "Mnaona tatizo letu. Aliyekaa kuchorwa aliapa, na mchoraji alimwamini. Huyu bawabu anawatangazia mpaka watoto wa ziara. Tunadhani yeye ndiye aliyekuwa akilibeba hilo beseni, akaona mambo, akajisifia. Na alidai mtoto asiyekuwepo. Kwa hiyo neno lake..."

"Alikuwa mtu wa mzaha tu," yule mstaafu akasema kwa upole, akimtetea. "Si ubaya."

"Baba yangu hakudai mtoto asiyekuwepo!" Mdogo wangu aliisogeza karatasi, akalisoma jina la shule, akanigeukia. "Dada. Hii si shule yako? Darasa la sita, si ndiyo mwaka wako? Ulikuwemo! Hebu kumbuka, ni nani mwenye mdomo namna hii? Yule binti wa mikate?"

Nilimzaa mwenyewe, sikumlea, hakula, hakuzeeka hata siku moja, na leo kaja kunishitaki. Mimi mpenda vitendawili, hicho sikuhitaji kutoa mji. Kilikuwa mezani, rangi ya chai. Na jina lilikuwa limechanika! Hakuna duniani aliyelijua isipokuwa mimi. Binti wa mikate alifariki zamani, angeweza kubeba na hilo pia, asingelalamika. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo, ni yeye. Najua nilikuwa nimeufungua, kwa sababu ulimi ulikuwa mkavu. Baba angekosa ukuta, lakini mdogo wangu angeendelea kuniita aliyempenda baba kuliko wote.

Ndivyo nilivyofanya mara ya kwanza. Niliachia kimya kinifanyie kazi.

"Ni mimi," nikasema.

"Wewe nini, dada?"

"Mimi ndiye niliyeandika."

Akacheka kidogo, kama mtu aliyekanyagwa anayedhani ni bahati mbaya. "Wewe? Acha mzaha."

"Alisema mna mtoto wake, na ilikuwa kweli. Nilikuwa nyuma ya msichana mrefu. Sikutoka." Nilikuwa naongea na meza. "Nilikuwa namwonea aibu. Jicho, na sare, na tiketi. Shule ilidhani baba yangu ni mwigizaji. Basi nikaandika hivyo wasijue."

Chini ujiani kulikuwa na mtu anasukuma ndoo ya kupigia deki, magurudumu yake yanalia.

Mhifadhi ndiye aliyezungumza kwanza, na sauti yake ilikuwa ya kunihurumia, jambo lililonichoma zaidi. "Mama, naomba uniambie jambo moja. Bawabu aliwaambia watoto habari za beseni siku ile?"

"Hakusema."

"Habari za sanduku? Kwamba picha ni yeye?"

"Binti mmoja alipaza kwamba wanafanana. Baba aliweka kidole mdomoni. Hakumwambia mtu yeyote maisha yake yote. Hayo ya beseni alitusimulia nyumbani, dirisha likiwa limefungwa, tulikuwa wanne tu chumbani. Mimi ndiye niliyeyatoa nje. Niliyaweka mdomoni mwake ili achekwe."

Alikaa akiitazama insha, kisha daftari, kisha insha. "Kwa hiyo hakuvunja kiapo," akasema.

"Yeye hakuvunja chochote."

Yule mstaafu alizungusha kofia yake juu ya goti mara moja, mbili. "Nami nyumbani sikuwahi kusikia habari za beseni," akasema. "Wala sanduku. Mama alisema tu, yule pale ni baba yako." Akakohoa. "Labda alimpenda tu, akamwona kila mahali." Alimpa mdogo wangu mkono. Kwangu aliinama kidogo tu.

Mhifadhi akaniomba jina kamili la baba. Nikalitaja, lake na la babake na la babu yake, nikiona aibu kwamba mdomo wangu ndio unaolitaja. Akaandika: bawabu wa ukumbi huu. Halafu akaweka kalamu chini.

"Kuna jambo jingine, mama, na una haki ya kukataa. Karatasi hii ndiyo ushahidi pekee. Ningependa iwekwe kwenye kioo karibu na picha, na maelezo mafupi kwamba aliyeiandika ni binti yake. Bila hiyo, kibao kitalazimika kusema 'inasemekana'."

"Watu wote wataisoma?"

"Kila anayepita."

"Na watoto wa shule?"

"Hao ndio wengi."

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa dirishani, ametupa mgongo. Nilitaka aseme, dada, si lazima. Hakusema.

"Weka," nikamwambia mhifadhi. "'Inasemekana' hapana."

Akanipa fomu nitie sahihi. Alipokuwa anairudisha insha kwenye faili aliinua karatasi mwangani. "Na ninyi hamtakuwa wa kwanza kuiona ukutani," akasema, bila kujua alichokuwa ananifanyia. "Mnaona vitundu hivi pembeni? Ni pini. Zamani insha bora zilibandikwa kule ujiani, chini ya picha. Muhula mzima."

Muhula mzima. Nilikuwa sijui. Nilidhani droo na panya. Miezi mitatu, asubuhi na jioni, baba alifungua mlango ule na kuufunga, na ujia hauna njia ya pili. Na mwandiko wangu aliujua, yeye ndiye aliyenifundisha kushika kalamu.

*

Mdogo wangu alitangulia. Mtu wa futi na sindano, lakini akikasirika ana hatua za askari. Nilimkuta kituoni amekaa kwenye benchi, akaniachia nafasi upande wa mbali. Nikakaa.

"Jioni ile alisema nini?" akaniuliza, macho barabarani. "Aliporudi nyumbani, siku ya ziara."

"Aliniuliza ziara ilikuwaje."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu. Kama mtu ambaye hakuwapo."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ilikuwa nzuri."

Akapitisha kiganja usoni. Futi ilikuwa bado shingoni, alikuwa ameisahau siku nzima, na alianza kuikunja kwenye vidole vyake, sentimita kwa sentimita, mpaka ikawa kifundo.

"Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea chakula mchana," akasema. "Unakumbuka? Na lile bakuli lenye mfuniko wa kulegea. Siku moja nilimkuta hayupo mlangoni, yuko ujiani, anasoma makaratasi ya ukutani. Nikamwambia baba, chakula kinapoa. Akanishika bega, akaninyanyua, akaniambia nitazame moja. Akasema, 'Hii imeandikwa vizuri kuliko zote. Huyu mtoto ana mkono.' Nikamuuliza imeandikwa na nani. Akasema, 'Mtoto mmoja wa shule.'"

Sikuweza kumtazama.

"Akaniambia niisome. Nikamwambia bado, ndiyo kwanza naunga herufi." Mdogo wangu alikifungua kile kifundo, akakifunga tena. "Akasema, 'Basi. Utakapojua kusoma, zitakuwa zimeshatolewa.' Akanishusha, tukaenda kula."